Mawe Yanayobaki Juu ya Chekeche

Udongo wa mfinyanzi wa milimani hupimwa, hupewa jina na hutolewa ushauri huku mawe yake yakiwa hayajahesabiwa. Anayelipa gharama ya kusahau huko ni mkulima wa mteremkoni.

Sampuli ya udongo ikifika maabara huanikwa, hupondwapondwa kwa mchi ili mabonge yaachane, kisha hupitishwa kwenye chekeche lenye matundu ya milimita 2. Kinachopita chini ndicho kitakachopimwa uchachu, nitrojeni, fosforasi na potasiamu. Kinachobaki juu, yaani changarawe na vipande vya mwamba, aghalabu humwagwa. Utaratibu huu ndio unaofuatwa karibu kila mahali duniani, nao una maana: maji na virutubisho hushikwa na chembe ndogo, na anayetaka kulinganisha udongo wa Lushoto na wa Kabete hana budi kupima kitu kilekile pande zote mbili. Kwenye tambarare hakipotei kitu, kwa kuwa chekeche hubaki karibu tupu. Mlimani mambo hugeuka. Kwa mkulima ambaye jembe lake hugonga jiwe kila likishuka, kilichomwagwa huenda kikawa nusu ya shamba, na karatasi ya majibu anayokabidhiwa inazungumzia nusu iliyosalia kana kwamba ndiyo shamba zima.

Hoja ya makala haya ni kwamba udongo wa mfinyanzi wenye mawe umezoeleka kuitwa kwa majina yanayotokana na kile kinachoonekana upesi: wekundu wake, kunata kwake, au rutuba ya zile chembe zilizopita kwenye chekeche. Majina hayo si ya uongo. Kasoro yake ni kwamba yananyamazia mambo matatu yanayoamua kama mteremko utalisha watu au utawaporomokea: mwamba uko kina gani, mawe ni sehemu gani ya udongo, na udongo wenyewe ulifikaje pale ulipo. La kushangaza ni kwamba wataalamu waliotunga mifumo mikubwa ya kuainisha udongo waliyaweka maswali hayo mbele, na wakulima wa milimani nao wamekuwa wakiyauliza kwa lugha zao tangu zamani. Yamepotelea katikati, kwenye fomu za maabara, kwenye vipeperushi vya mbolea na kwenye kanuni za kilimo cha milimani.

Mfinyanzi wa aina nyingi

Tuanze na neno lenyewe. Kwa mtaalamu, mfinyanzi ni kipimo cha ukubwa: chembe yoyote iliyo ndogo kuliko milimita 0.002 inaitwa hivyo, na udongo ukiwa na chembe hizo kwa asilimia 40 au zaidi ya uzito wake, bila mawe, huitwa udongo wa mfinyanzi. Shambani hakuna haja ya mitambo ili kuutambua. Chukua udongo wa kujaa kiganja, uloweshe kidogo, uukande mpaka uache madonge, kisha uviringishe uwe uzi mwembamba wa milimita kama 3. Ukikatika kabla haujawa uzi, una mchanga mwingi. Ukiwa uzi lakini ukapasuka unapoupinda, ni tifutifu au uko karibu nao. Ukiweza kuupinda ukawa pete bila ufa, na ukiusugua kwa ukucha ukang'aa, huo ni mfinyanzi. Jaribio hilo la dakika mbili hufanywa na wapimaji wa udongo ulimwenguni kote, na mfinyanzi wa vyungu amekuwa akifanya linalofanana nalo bila kulipa jina.

Hata hivyo, pete hiyo haisemi ni mfinyanzi wa namna gani. Ule mweusi wa mbugani una madini aina ya smektiti, ambayo hunyonya maji na kuvimba masika, kisha husinyaa kiangazi na kuacha nyufa za kuingiza mkono mzima. Ule mwekundu wa kwenye miteremko yenye mvua nyingi, kama ya Usambara na Uluguru, mara nyingi una madini aina ya kaolini, ambayo hayavimbi kwa kiasi cha kuonekana, pamoja na oksaidi za chuma zinazoupa wekundu wake. Chuma hicho hufanya kazi ya gundi: huunganisha chembe ndogo kuwa vidonge vigumu, maji yakapita kati yake kama yanavyopita kwenye mchanga. Ndiyo maana mtu anayesikia neno mfinyanzi na kuwazia tope linalotuama hushangaa kuona mteremko mwekundu umekauka saa chache baada ya mvua kubwa. Udongo huo, pamoja na kunata kwake mkononi, hushika virutubisho kidogo kuliko wa mbugani. Mashamba mawili yenye mfinyanzi wa asilimia 50 yanaweza kuhitaji ushauri unaopingana.

Mawe nayo yana asili tofauti. Milima ya Tao la Mashariki, ikiwemo ya Upare, Usambara, Uluguru na Udzungwa, ni miamba ya kale sana iliyopikwa ardhini kwa joto na kani, hasa naisi na jamii zake. Mwamba huo unapooza, sehemu zilizo laini hugeuka mfinyanzi, na mishipa ya kwatsi, yale mawe meupe magumu, hubaki kama ilivyo. Kwatsi haina chakula cha mmea na haitakuwa nacho; jembe litaigonga leo na jembe la mjukuu litaigonga vilevile. Kwenye Kilimanjaro, Hanang au Elgon hali ni nyingine, kwa sababu hiyo ni milima ya volkeno. Mawe yake mengi huoza upesi zaidi na kuachia kalisi, magnesi na potasiamu, na yale yenye vitundu hushika hata maji kidogo. Kwa hiyo kusema shamba lina mawe kabla ya kusema ni mawe gani ni sawa na kusema chungu kina chakula.

Hesabu isiyoandikwa kwenye fomu

Uzito wa jambo hili huonekana vizuri zaidi kwa tarakimu. Chukua hekta moja na sentimita 20 za juu za udongo. Huo ni ujazo wa mita 2,000 za ujazo, na kama kila mita ya ujazo ya udongo mkavu ina uzito wa tani 1.2, tunapata tani 2,400. Maabara ikisema nitrojeni ni asilimia 0.2, mkulima ana kilo 4,800 za nitrojeni, ingawa nyingi bado zimefungwa kwenye mboji na zitaachiwa polepole. Sasa tuseme nusu ya ujazo huo ni mawe. Udongo unaopimika unashuka hadi tani 1,200, na nitrojeni hadi kilo 2,400. Fomu ya maabara itaonyesha asilimia 0.2 ileile kwa mashamba yote mawili. Fomu hiyo haijakosea popote, ila imejibu swali ambalo mkulima hakuuliza. Yeye alitaka kujua shamba lake lina nini, naye ameelezwa kilichomo ndani ya kopo.

Kwa maji tofauti ni kali zaidi. Kwa mfano, chukulia mfinyanzi mwekundu unaoweza kuupa mmea milimita 15 za maji kwa kila sentimita 10 za kina. Shamba la kwanza lina kina cha sentimita 80 bila mawe, hivyo likishiba mvua lina akiba ya milimita 120. Shamba la pili liko juu kidogo ya mteremko uleule, lina kina cha sentimita 40 hadi mwamba, na nusu yake ni mawe. Akiba yake ni milimita 30. Mahindi yanayotoa mbelewele hutumia karibu milimita 5 kwa siku. Mvua ikikatika, shamba la kwanza litavumilia siku 24 na la pili siku 6. Wakulima wote wawili wana udongo wa rangi moja, wenye majibu yaleyale ya maabara, walipanda mbegu moja siku moja. Jirani wa juu atakapovuna mabua ataambiwa kwamba alichelewa kupalilia au kwamba hakutia mbolea ya kutosha.

Hata namna ya kuyapima mawe ina mtego wake. Jiwe ni zito kuliko udongo wa ukubwa uleule, zaidi ya mara mbili, kwa sababu udongo una nafasi nyingi za hewa na maji ndani yake. Udongo wenye mawe asilimia 40 kwa ujazo huwa na mawe karibu asilimia 60 kwa uzito. Anayepima kwa mizani akasahau hesabu hiyo atauona udongo kuwa mbaya kuliko ulivyo, na anayekadiria kwa jicho mara nyingi huhesabu mawe makubwa tu na kuisahau changarawe. Mizizi haijali kilo. Inatafuta nafasi, na nafasi ni suala la ujazo.

Kuna anayeweza kusema kwamba maelezo haya yanayaonea mawe. Mawe yakitanda juu ya ardhi huvunja nguvu ya matone ya mvua, hupunguza jua linalokausha udongo, na huacha maji yapenye chini yake. Kuna wakulima waliookota mawe yote shambani wakaona mmomonyoko ukizidi. Hoja hiyo ni ya kweli, na ndiyo inayoonyesha kwa nini neno moja halitoshi. Jiwe lililokaa juu ya udongo kwa kulegea huruhusu maji kuingia pembeni na chini yake. Jiwe lilelile likizama nusu kwenye udongo ambao uso wake umeziba kwa kupigwa na mvua huwa kama kigae cha paa: maji huteleza juu yake na kukimbilia chini. Na jiwe lililo ndani kabisa, kwenye eneo la mizizi, limechukua nafasi ya udongo. Mawe ya juu yanaweza kuwa mlinzi na ya ndani yakawa mpangaji asiyelipa kodi, katika shamba lilelile. Fomu isiyo na mstari wa mawe haiwezi kuwatofautisha.

Mteremko ni mnyororo

Afrika Mashariki ina haki ya pekee kwenye mjadala huu, kwa sababu wazo kwamba udongo husomwa kwa kufuata mteremko lilipata jina lake hapa. Katika miaka ya 1930, mtaalamu wa udongo Geoffrey Milne alikuwa akifanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani, Usambara Mashariki. Aliona kwamba kutoka kileleni hadi bondeni udongo hubadilika kwa mpangilio unaojirudia kilima baada ya kilima, na kwamba kila aina inaitegemea iliyo juu yake, kwa kuwa maji na chembe hushuka kutoka huku kwenda kule. Aliuita mpangilio huo katena, neno la Kilatini lenye maana ya mnyororo, na hadi leo wanafunzi wa udongo duniani kote husoma neno hilo. Wasukuma walikuwa tayari na majina ya pete za mnyororo huo: luseni ni kichanga cha juu, itogolo ni ardhi ngumu ya chini zaidi, na mbuga ni mfinyanzi mweusi wa bondeni. Kila jina lilibeba mahali, tabia na zao linalofaa.

Kwenye mteremko mkali wa mlima mnyororo huo unasomeka hivi. Karibu na kilele na kwenye migongo ya milima, udongo unaoondoka ni mwingi kuliko unaozaliwa, hivyo mwamba uko karibu na vipande vyake vimetapakaa. Katikati ya mteremko udongo uko safarini. Ni mchanganyiko wa mfinyanzi na mawe yaliyotoka juu, umelala juu ya mwamba ambao haukuuzaa. Chini, pale mteremko unapolegea, mzigo hutuliwa: udongo ni wa kina, mara nyingi una rutuba, lakini ndani yake mna matabaka ya mawe yanayosimulia maporomoko yaliyopita. Ndiyo maana swali la udongo ulifikaje hapo si la kitaaluma tu. Anayejenga nyumba mguuni mwa mlima kwenye ardhi nzuri yenye mabonge ya mawe yasiyo na mpangilio amejenga mahali ambapo mlima umewahi kushusha mzigo.

Ukingo wa barabara iliyochongwa mlimani huonyesha jambo hilo kwa mtu yeyote anayejali kutazama. Juu kuna tabaka jekundu, laini, lisilo na jiwe, pengine la kimo cha mtu. Chini yake kuna mstari wa mawe, hasa kwatsi, uliopangika kama msingi wa ukuta. Chini ya mstari huo kuna mwamba uliooza, wenye rangi za madoa na michirizi ya mwamba wa awali, ambao kidole kinaweza kuubomoa. Wataalamu wamebishana kwa muda mrefu kuhusu mstari huo. Baadhi wanasema ni uso wa zamani wa ardhi uliofunikwa na udongo ulioteremka. Wengine wanamtaja mchwa, ambaye hupandisha chembe ndogo kujengea kichuguu na kuyaacha mawe chini kwa kuwa hawezi kuyabeba. Huenda maelezo yote mawili ni kweli, kila moja mahali pake. Kwa mkulima linalohusu ni kwamba uso laini wa shamba haumhakikishii chochote kuhusu kilicho nusu mita chini, na mzizi wa mparachichi utaufikia mstari huo kabla yake.

Majina ya kigeni na kazi yake

Hapa ndipo mifumo ya uainishaji inapostahili kutetewa, maana wengi huiona kama orodha ya majina magumu. Mfumo unaotumika zaidi kimataifa ni ule wa marejeo ya udongo duniani, ambao toleo lake la kwanza lilitoka 1998 na la nne 2022. Una makundi makuu 32, na unasomwa kama ngazi: unaanza juu, unauliza swali, jibu likiwa ndiyo unasimama hapo, likiwa hapana unashuka. Udongo uliolala juu ya mwamba usiozidi kina cha sentimita 25, au ambao chembe zake laini hazifiki asilimia 20 ya ujazo wote, unaitwa Leptosoli, kutoka neno la Kigiriki lenye maana ya wembamba. Kundi hilo ndilo kubwa kuliko yote duniani. Limefunika zaidi ya hekta bilioni 1.6, nyingi zikiwa milimani. La kuzingatia ni nafasi yake kwenye ngazi. Leptosoli ni swali la 5. Nitisoli, ule mfinyanzi mwekundu wenye mabonge yanayong'aa unaosifiwa kwa kahawa na chai, huulizwa baadaye sana. Kwa maneno mengine, mfumo unakataa kuusifia udongo kwa wekundu na rutuba kabla haujajua kina chake na mawe yake.

Udongo ukiwa na kina cha kutosha kuikwepa Leptosoli, mawe bado hayasahauliki. Yakifika asilimia 40 ya ujazo katika mita moja ya juu, jina la udongo huongezewa sifa inayotokana na neno la Kigiriki lililozaa jina la kiunzi cha mifupa. Mfano huo unafaa: mfinyanzi ni nyama, mawe ni mifupa, na hakuna mganga anayemhukumu mgonjwa kwa nyama peke yake. Mfumo wa Marekani una tabaka maalumu kwa ajili ya udongo tunaouzungumzia, wenye mawe asilimia 35 au zaidi kwa ujazo na mfinyanzi asilimia 35 au zaidi katika chembe zake laini. Ramani ya udongo ya dunia ya FAO na UNESCO, ambayo ufunguo wake ulichapishwa 1974, iliweka alama ya pekee kwa maeneo yenye mawe na kwa yale yenye mwamba ndani ya sentimita 50. Mifumo mitatu, iliyotungwa na watu tofauti kwa malengo tofauti, ilifika mahali pamoja. Wote waliona kwamba udongo wenye mifupa mingi una tabia zake.

Mgeta na gharama ya kusahau

Historia ya Uluguru inaonyesha kinachotokea swali la kina linaporukwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa matumizi ya ardhi katika milima hiyo, na kiini chake kilikuwa kulazimisha wakulima kuchimba matuta mapana ya ngazi. Mwaka 1955 upinzani ulilipuka Matombo na mpango ukafa. Kazi ya shuruti na siasa za wakati ule zilichangia sana, na haitakuwa haki kuyaweka yote juu ya udongo. Lakini udongo ulikuwa na neno lake. Kuchimba tuta pana kwenye mteremko mkali kunahitaji kina. Palipo na udongo mwembamba, jembe huufukia ule wa juu wenye mboji na kuuleta juu ule wa chini usiootesha kitu, na ngazi yenyewe hukusanya maji juu ya mwamba. Waluguru walikuwa na matuta yao ya ngazi, madogo, yanayofukia majani na kusogea kidogo kila msimu. Kule Mbinga, Wamatengo walikuwa na ngoro zao, yaani mashimo ya kulimia mteremkoni. Hayo yote ni majibu ya swali lililokwisha kuulizwa: udongo huu unabeba kazi kiasi gani?

Kisha ikaja tarehe 23 Februari 1970. Mvua ya zaidi ya milimita 100 ilinyesha Mgeta, magharibi mwa Uluguru, kwa muda wa kama saa 3, na mteremko ukaporomoka sehemu zaidi ya 1,000. Wanajiografia Temple na Rapp, waliochapisha uchunguzi wao 1972, waliona kwamba maporomoko hayo kwa sehemu kubwa yalikuwa ya kina kifupi na yalianzia mashambani na kwenye nyasi. Yaliyoanzia chini ya miti hayakufika asilimia 1. Watu wengi huichukua takwimu hiyo kama hotuba ya kupanda miti, na kweli ni hivyo. Hata hivyo, tuulize mti ulifanya nini. Mvua ilipenya haraka kwenye udongo ule wa vidonge, ikafika pale udongo unapokutana na mwamba, ikakosa pa kwenda. Maji yakajaa, yakaunyanyua udongo kutoka mwambani, na mzigo ukateleza. Mizizi ya mti iliyoingia kwenye nyufa za mwamba iliushona udongo hapo. Ya nyasi na mahindi haikufika. Mti ulisaidia pale mizizi yake ilipokuwa mirefu kuliko kina cha udongo, na asiyejua kina hicho hawezi kujua ni mti gani apande.

Wapo watakaosema sababu ni mvua tu, na kwamba mvua ya namna ile ingeangusha mlima wowote. Bila mvua hakuna poromoko, hilo halina ubishi. Lakini mvua ileile ilinyesha juu ya miteremko yote ya Mgeta, na baadhi ilibaki imesimama. Vifo vya Bududa, kwenye Mlima Elgon nchini Uganda, mnamo Machi 2010, na vya Katesh chini ya Mlima Hanang mnamo Desemba 2023, ambako tope lilishuka na mawe na magogo, vilitokea kwenye milima ya volkeno isiyofanana na Uluguru kwa mwamba wala kwa mfinyanzi. Tofauti hizo zinamaanisha kwamba dawa ya mahali pamoja haiwezi kunakiliwa pengine. Mvua hatuwezi kuipangia. Lililo mikononi mwetu ni kujua ni mteremko upi umebeba mzigo uliolegea.

Je, yawezekana?

Pingamizi zito kuliko yote ni la gharama. Kwenye mlima udongo hubadilika kila hatua kumi, ramani za taifa huchorwa kwa kipimo kidogo mno, na hakuna serikali itakayochimba shimo la mita mbili kwenye kila shamba la robo ekari. Ni kweli, na ndiyo sababu kazi hii haipaswi kusubiri ramani. Kina cha mwamba hujulikana kwa kuchomeka nondo ardhini mara kumi kwenye shamba, huku ukichimba kidogo pale inapogota ili kujua kama ni mwamba au jiwe tu. Sehemu ya mawe hukadiriwa kwa jicho kwenye ukuta wa shimo la jembe, kwa madaraja ambayo wapimaji huyatumia: machache chini ya asilimia 5, ya wastani hadi 15, mengi hadi 40, tele juu ya hapo. Anayetaka uhakika zaidi achimbe shimo dogo, ayatoe mawe yote, ayatie kwenye ndoo yenye maji na aone maji yamepanda kiasi gani. Huo ndio ujazo wa mawe. Kisha autandaze mfuko wa plastiki ndani ya shimo lile na ajaze maji kwa kopo; huo ni ujazo wa shimo. Mtoto wa darasa la sita anaweza kugawanya kimoja kwa kingine.

Kanuni nazo zina la kubadilisha. Kwa miaka mingi Kenya ilikuwa na kanuni ya kukataza kulima mteremko unaozidi asilimia 35, yaani kama nyuzi 19. Uzuri wa kipimo cha mteremko ni kwamba hupimika kwa urahisi na mahakama hukielewa. Ubaya wake ni kuyatendea sawa mashamba mawili yasiyofanana. Nitisoli ya kina cha mita 2 kwenye mteremko wa asilimia 40, iliyopandwa chai au ndizi na kufunikwa majani, inaweza kudumu vizazi. Mfinyanzi wa sentimita 30 uliojaa mawe kwenye mteremko wa asilimia 25 unaweza kuisha ndani ya misimu michache ya mahindi. Kanuni itambana wa kwanza na kumwachia wa pili. Sheria inayouliza mteremko na kina kwa pamoja haitakuwa ngumu mara mbili, na wakulima wataiheshimu zaidi kwa sababu itafanana na wanachokiona.

Maabara zisilaumiwe kwa kutumia chekeche. Bila hilo hakuna kulinganisha. Kinachotakiwa ni mstari mmoja kwenye fomu, unaojazwa na aliyechukua sampuli kabla haijafika mezani: kina hadi mwamba, sehemu ya mawe kwa ujazo, na mahali pa shamba kwenye mteremko. Mstari huo ukiwepo, asilimia 0.2 ya nitrojeni inaweza kugeuzwa kuwa kilo za shamba halisi, na ushauri wa mbegu ukazingatia siku 6 za akiba ya maji badala ya 24. Usipokuwepo, yule jirani wa juu ataendelea kupokea majibu ya jirani yake wa chini, huku mawe ya shamba lake yakimwagwa nyuma ya maabara.